Paketi Kumi na Mbili

Tulimzika Dokta Msolwa mwezi uliopita, na kama ilivyo kawaida yetu siku hizi, wasifu wa marehemu ulisomwa kwa muda mrefu kuliko ibada yenyewe. Nilikuwa nimeketi safu ya tatu chini ya turubai, jirani na spika, kwa hiyo sikuweza hata kujifanya kwamba sikusikia. Msomaji, kijana aliyevaa suti iliyombana mabegani, alitaja shule, vyuo, nchi za nje na kamati, kisha akafika Songea. Akasema kwamba huko Ruvuma, katika miaka ya mwanzo ya soko huria, marehemu aliongoza utafiti wa kuhifadhi mahindi, na kwamba utafiti huo ulibaini jambo lililowaongoza wataalamu wengi baada yake: kikwazo kikubwa cha mkulima mdogo wa kusini si mdudu, bali uelewa. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mzee mmoja niliyewahi kufanya naye kazi alinigeukia akaninong'oneza, "Huo ni mwaka wako, Editha." Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Sentensi ile ni yangu. Niliipiga mimi kwa taipureta, katika chumba cha bati huko Majengo, na nilipoimaliza niliisoma tena polepole kwa sababu niliiona nzuri.

Nilifika Songea nikiwa na miaka ishirini na miwili, stashahada ya kilimo na imani. Katika mizigo yangu yote, imani ndiyo iliyokuwa nzito. Chuoni tulifundishwa kwamba kati ya mkulima na shibe kuna pengo moja tu, nalo ni maarifa, na kwamba sisi ndio tuliokabidhiwa kuyafikisha, kama tarishi anavyokabidhiwa barua. Hakuna aliyetuambia kwamba mpokeaji naye huenda anajua kuandika. Nilipanga chumba Lizaboni kwa mama mmoja aliyekaanga maandazi asubuhi na kushona vitambaa mchana. Kilikuwa na kitanda cha futi tatu, ndoo mbili, jiko la mchina, na ukutani, mahali ambapo wapangaji wengine walitundika kalenda ya parokia, mimi nilibandika chati ya wadudu waharibifu wa nafaka, wamechorwa wakubwa kama kuku. Mwenye nyumba alipokuwa na wageni aliingia kimya kimya akaifunika chati kwa kanga. Nilipomuuliza alinijibu bila aibu, "Mwanangu, watu wanashindwa kula." Nilimwona mtu wa giza. Niliandika hata barua kwa rafiki yangu wa chuo kumweleza jinsi jamii ilivyokuwa na safari ndefu.

Kituo chetu kilikuwa vyumba viwili nyuma ya ghala la kukodi huko Majengo. Mbele yake kulikuwa na kelele za biashara ambazo mji haukuwa umezizoea: wauza mitumba, wauza redio kaseti, na malori ya wafanyabiashara waliokuja kununua mahindi kwa bei waliyoitaja wao wenyewe. Ushirika ulikuwa umeacha kupita vijijini, na mbolea ya ruzuku ilikuwa inasimuliwa kama mtu aliyehama. Katika hali hiyo mambo yaligeuka. Zamani mkulima alivuna, akapeleka, akalipwa siku aijuayo Mungu, lakini mahindi yalikuwa yameshaondoka kwake. Sasa aliyeuza mwezi wa saba aliuza kwa hasara, na aliyeweza kuyatunza mpaka mwezi wa pili alikuwa mtu. Kuyatunza ndiko kulikokuwa kugumu, kwa maana alikuwa ameingia dumuzi, mdudu mweusi mdogo kuliko punje ya mtama, ambaye hali mahindi kama wadudu wengine walavyo. Yeye huyasaga. Ukitikisa gunia alilolala ndani yake, unga unadondoka kama umetoka mashineni.

Kampuni moja ya dawa ilitaka kuuza unga wake wa kuua dumuzi katika mikoa ya kusini, na ilihitaji utafiti wa kuonyesha kwamba unafaa. Utafiti ulipewa Dokta Msolwa, naye akapewa mimi. Alikuja kutoka makao makuu mara moja kwa mwezi, akafikia nyumba ya wageni, akaagiza wali na kuku, akamrudisha kuku mara mbili jikoni. Alikuwa na kalamu tatu mfukoni na hakumwazima mtu hata moja. Kijijini hakunywa maji wala togwa. Alikaa ndani ya gari la kituo, vioo vimepandishwa, akamenya mayai ya kuchemsha huku watoto wakimtazama, na maganda aliyafunga kwenye gazeti akarudi nayo mjini, kana kwamba hata taka zake zilikuwa za thamani mno kuachwa pale. Neno "wananchi" alilitamka kama mtu anayetaja ugonjwa wa mifugo. "Mwananchi haulizwi," aliniambia siku ya kwanza. "Mwananchi anaelekezwa." Nililiandika neno hilo katika daftari jipya, ukurasa wa kwanza, na nikalipigia mstari.

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Katika kijiji kimoja kando ya barabara ya Mbinga, ambacho sitakitaja kwa sababu watu wake hawajanipa ruhusa, tulichagua kaya kumi na mbili. Sita zingepewa paketi zenye dawa, na sita zingepewa paketi za chokaa iliyosagwa laini, rangi moja, uzito mmoja, zimetofautishwa kwa namba tu. Hakuna ambaye angeambiwa. Baada ya miezi tungepima uharibifu na kulinganisha. Sisemi leo, nikiwa na mvi, kwamba kulinganisha ni dhambi. Bila kulinganisha tungekuwa waganga wa kupiga ramli. Ninasema kwamba watu wale walikuwa na njia yao. Waliyatunza mahindi na maganda yake kwenye dari la jiko, moshi ukiyapita mchana kutwa, na yale yaliyopukuchuliwa waliyachanganya na majivu. Haikuwa njia kamili, lakini iliwafikisha mwezi wa tatu. Dokta aliipiga marufuku kwa kaya zote kumi na mbili, ili moshi na majivu visimharibie hesabu. Kwa hiyo wale sita hawakuachwa kama walivyokuwa. Walinyang'anywa walichokuwa nacho, wakapewa chokaa.

Siku ya kugawa makundi tulikuwa wawili ofisini. Majina yalikuwa katika kopo la maziwa ya unga, nami niliyachomoa moja moja kwa uangalifu wa kasisi anayeshika hostia, kwa kuwa nilikuwa nimesoma kwamba kura ndiyo roho ya haki katika sayansi. Dokta alisikiliza akikuna sikio kwa kifuniko cha kalamu.

"Mwenyekiti wa kitongoji ameangukia wapi?" akauliza.

"Mzee Engelbert? Kundi la pili, Dokta." Kundi la pili ndilo lililokuwa la chokaa.

"Haiwezekani. Mahindi ya mwenyekiti yakiliwa, maneno yatafika wilayani kabla yetu. Mpeleke la kwanza."

"Na kura, Dokta?"

"Kura tumeipiga sisi, binti. Nani yuko kundi la kwanza asiye na kelele?"

Nilitazama orodha. Sikumjua yeyote kwa sura. Nilichokijua ni kilichoandikwa mbele ya majina: mume na mke, mume na mke, mjane. Ningeweza kusema sijui. Nikasema, "Kuna mjane mmoja anaitwa Kandida."

"Mjane. Vizuri. Mbadilishie."

Nilikata mstari kwa rula, ili daftari lisichafuke.

Tulizipeleka paketi mwezi wa nane. Watu walikusanyika nje ya kigango, kanisa dogo la kijiji, wazee kwenye mabenchi, kina mama chini. Dokta alihutubia kwa muda mrefu, na kila baada ya sentensi mbili aliuliza, "Mnanielewa?" nao wakajibu "Tunaelewa," naye akarudia, "Mnanielewa au hamnielewi?" Alipomaliza, mzee mmoja aliyevaa koti la mvua juani aliinuka, akaamkia kwa heshima ingawa alikuwa mkubwa kuliko Dokta kwa miaka mingi.

"Shikamoo Dokta. Mimi tumbo linanisokota tangu Pasaka. Nikimeza kitu cha moto ndio kabisa."

"Mimi si daktari wa watu," alisema Dokta.

"Ni daktari wa nini basi?"

"Wa wadudu."

Mzee alifikiri kidogo. "Aa. Basi umewatibu vizuri, maana wana afya kweli."

Uwanja mzima ulicheka, na mimi nilitazama viatu vyangu. Dokta hakucheka. Ndani ya gari alisema kwamba watu wale hawana hata uwezo wa kutofautisha, nami nikamkubalia. Leo ninaamini kwamba mzee yule alitofautisha vizuri sana. Alikuwa amempima mtu wetu kwa swali moja, akampa majibu yake hadharani, wala hakuhitaji fomu.

Kazi yangu baada ya hapo ilikuwa kupita kila wiki mbili kwa baiskeli, kujaza fomu. Ndipo nilipomfahamu mwanamke ambaye nilikuwa nimemhamisha kwa rula. Mama Kandida alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini na mikono iliyokuwa haitulii. Nyumba yake ilikuwa ya tofali za kuchoma, vyumba viwili na sebule. Sebuleni kulikuwa na meza yenye kitambaa cha kudarizi, viti vitatu, redio isiyo na betri iliyofunikwa kitambaa chake yenyewe, na kabati dogo lenye vikombe sita vya bati, vyeupe vyenye mdomo wa buluu, alivyopewa siku ya ndoa. Magunia yake saba yalikuwa chumbani alimolala, yamepangwa ukutani kama tulivyoelekeza. Kwa mjane mwenye magunia saba, mwaka mzima ulikuwa mle ndani. Hakuwa na shamba la kahawa wala mtu wa kumletea chochote, na aliniambia hivyo bila kulalamika, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda mtoni.

Kila nilipofika alinipa chakula. Nilijaribu mara ya kwanza kukataa, kwa kuwa chuoni walituonya tusile kwa watu tunaowapima, akaniuliza kama nilikuwa mgonjwa. Alileta ugali wa dona, likolo la majani ya maboga lililoungwa karanga, na siku nyingine maharage. Kabla ya chakula aliinama na jagi akaninawisha mwenyewe, taratibu, maji yakidondoka kwenye beseni, ingawa nilikuwa mdogo kwake kwa miaka thelathini na mimi ndiye niliyestahili kuinama. "Nawa, mwanangu. Barabara ina vumbi." Nilikula nikiwa nimeketi hatua nne kutoka kwenye mahindi yake, na paketi yake niliijua namba. Sitasema kwamba chakula kilinikaba. Kilishuka vizuri sana. Nilikuwa nimejifunza kuyaweka mambo katika vyumba tofauti, nikauita uwezo huo ukomavu wa kitaaluma.

Jumapili moja ya mwezi wa kumi na moja nilikwenda kwake bila taarifa, baada ya ibada, kwa sababu nilikuwa nimechoshwa na maandazi ya Lizaboni. Mlango ulikuwa wazi na sebuleni hapakuwa na mtu. Niliketi nikasubiri. Jiko lilikuwa kibanda cha nyuma, na dirisha lake lilitazamana na la sebule kwa umbali wa mikono miwili. Nilisikia kwanza sauti ya Xaveria, jirani yake, mwanamke mnene mwenye ulimi, akiwa amejibana pua.

"Wananchi, mnanielewa?"

"Tunaelewaaa," wakaitikia wenzake kama watoto wa darasa la kwanza.

"Msiweke moshi. Msiweke majivu. Mahindi yalale chumbani. Mnanielewa au hamnielewi?"

"Na mume alale wapi, Dokta?" akauliza mwingine.

"Mume apelekwe darini apigwe moshi, asije akabunguliwa."

Walicheka mpaka mmoja akakohoa. Nami nilitabasamu pale sebuleni, kwa ukarimu wa mtu anayedhani mzaha haumhusu. Kisha Mama Kandida akasema, "Nyamazeni kidogo, mwone." Nikasikia bati likigusa bati.

"Hiki nimeweka dawa ya kwa Xaveria," alisema. "Hiki nimeweka ya kwangu. Dumuzi kumi huku, kumi huku, wote nimewatoa gunia moja. Tangu juzi jioni."

"Hawa wamekufa," alisema Xaveria, na sauti yake ilikuwa imerudi ya kawaida.

"Na hawa wangu?"

"Hawa wanatembea. Huyu amefika ukingoni, anataka kutoka aende kusali."

"Labda ya kwako iliingia unyevu," alisema mwingine.

"Nilifikiri hivyo. Nikaenda kwa Gaudensia nikaomba kijiko, ikaua. Nikaenda kwa Tasiana, haikuua. Nimepita nyumba zote kumi na mbili, kila mara nikaosha vikombe, nikaanza upya. Wiki tatu. Sita zinaua, sita haziui."

Halafu sauti ya mwanamume, ambayo niliitambua kuwa ya Mzee Engelbert, mwenyekiti, ikasema polepole, "Sita kwa sita. Hiyo haiwezi kuwa bahati mbaya. Wamepanga."

Nataka msomaji aelewe nilichokuwa nimekisikia, kwa maana mimi nilichukua miaka mingi kukielewa. Mwanamke aliyesoma mpaka darasa la nne alikuwa amelinganisha kundi na kundi, akahesabu wadudu, akatoa wadudu mahali pamoja ili wasitofautiane, akarudia, akaondoa shaka ya unyevu, na hakumhamisha mtu yeyote kwa kuogopa maneno ya wilayani. Alikuwa amefanya jaribio safi kuliko letu, kwa vikombe viwili vya ndoa yake. Mimi pale sebuleni niliwaza jambo moja tu: wameharibu kazi.

"Na yule binti?" aliuliza Xaveria. "Yule anayeandika hata ukikohoa. Anajua?"

"Hajui," alisema Mama Kandida.

"Unamtetea kwa sababu anakula kwako."

"Ndiyo. Angejua, asingekula kwangu."

Nilibaki na mikono juu ya kitambaa cha kudarizi. Mle jikoni Mzee Engelbert alikuwa ameanza kuzungumza tena. Alisema ya kwake inaua. Amejaribu mwenyewe baada ya kuambiwa. Alisema wao ni jumuiya moja, wanalimiana, wanazikana, na hajui atakavyopita mbele ya nyumba ya Tasiana mwezi wa pili ikiwa mahindi yake yeye yatakuwa mazima. "Leteni beseni," alisema. "Kila mmoja amwage iliyobaki. Tuichanganye, tugawe kwa kopo, sawa kwa sawa. Kama ni kuliwa, tuliwe wote kidogo." Hakujua kwamba dawa anayoitoa ilikuwa ya mwanamke aliyesimama mbele yake. Alikuwa anamrudishia haki yake bila kuambiwa, na sisi wawili tuliosoma ndio tuliokuwa tumeichukua.

Mama Kandida alipoingia sebuleni akanikuta, alishtuka kidogo, kisha akafurahi. Aliniletea jagi. Nilinawa. Nilikula.

Usiku huo sikuwa na vita yoyote moyoni, kinyume na ambavyo ningependa kusimulia. Asubuhi niliandika barua ya kurasa mbili kwenda makao makuu. Nilieleza kwa unyofu kabisa kwamba kaya zilikuwa zimegundua makundi na zimechanganya dawa, na kwamba takwimu zikiendelea kukusanywa zingetoa picha ya uongo, na uongo huo ungeumiza wakulima wengi mahali pengine. Kila neno lilikuwa kweli. Nilikuwa mtu mwema, mwenye barua safi, ninayewatetea wakulima nisiowajua dhidi ya wale walionilisha.

Dokta alikuja siku ya nne. Hakusubiri watu wakae. Aliwauliza nani aliyewatuma kufanya majaribio.

"Tulitaka kujua, Dokta," alisema Mzee Engelbert.

"Kujua ni kazi yetu. Ninyi ni wakulima."

Mama Kandida alikuja mbele akiwa ameshika vikombe vyake viwili, kimoja kila mkono, akiwa ameviinamisha kidogo ili mtu aone ndani. Nadhani aliamini kwamba mtaalamu akiona angefurahi, kama fundi anavyofurahi akiona kazi ya fundi mwenzake. "Shikamoo Dokta. Naomba utazame. Hawa wa huku wamekufa, na hawa..."

"Mama, kaa chini. Hizo ni takataka."

Hakuvitazama. Akatangaza kwamba paketi za awamu ya pili, ambazo zilipaswa kunyunyizwa mwezi wa kumi na mbili dawa ya kwanza inapoisha nguvu, hazingeletwa tena, kwa kuwa jaribio lilikuwa limekufa na dawa si sadaka, na kwamba majivu yasirudishwe mpaka kipimo cha mwisho. Katoni zenyewe zilikuwa zimeshafika. Mimi ndiye niliyezipokea, zilikuwa Majengo chini ya meza yangu. Watu hawakupiga kelele. Macho yao yalitoka kwa Dokta, yakanijia mimi, yakakaa. Walikuwa wameshahesabu, kama walivyohesabu dumuzi, na jibu lilikuwa moja. Mama Kandida peke yake hakunitazama. Alikuwa anafuta vikombe kwa ncha ya kitenge.

Barabarani nilimwomba Dokta turudi na zile katoni, au angalau tuwaruhusu warudishe majivu. Nilisema kwa sauti ndogo na kwa maneno ya kitaalamu. Aliniambia kwamba huruma ni ugonjwa wa watafiti wachanga, na kwamba nitapona. Kisha akanipa kazi ya kuandika ripoti. Niliandika kwamba kaya shiriki zilichanganya dawa kinyume cha maelekezo kutokana na mwamko mdogo, na nikamalizia kwa ile sentensi ya mdudu na uelewa. Ilinijia yenyewe, ikiwa imekamilika, yenye mizani. Kura iliyobadilishwa haikuwamo. Vikombe havikuwamo. Dokta alisoma, akatoa moja ya kalamu zake tatu, akaweka alama ya vema pembeni. "Sasa umeanza kuandika kama mtu wa fani," alisema. Nilirudi Lizaboni nikiwa na furaha ambayo siwezi kuikumbuka bila kuikunjia uso.

Mwezi wa pili nilitumwa peke yangu, na mizani, kupima uharibifu kwa ajili ya kufunga faili. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na baiskeli niliisukuma zaidi ya nilivyoipanda. Nilipita nyumba kumi na moja. Kila mahali walinikaribisha, wakanipa kiti, wakanifungulia magunia, wakajibu nilichouliza na hawakuongeza neno. Xaveria hakumwigiza mtu hata kidogo. Kila gunia nililoshika lilikuwa jepesi kuliko ukubwa wake, na unga ulibaki viganjani. Walikuwa wameliwa wote, kwa usawa, lakini waliokuwa na magunia ishirini waliliwa kama watu wa magunia ishirini.

Nyumba ya mwisho ilikuwa yake. Chumbani mlikuwa na magunia mawili, na moja alilifungua mbele yangu akaliinamisha. Kilichotoka kilikuwa vumbi la manjano na punje tupu zenye matundu, na dumuzi wachache waliokimbilia chini ya kitanda. Nilipima, nikaandika. Alisubiri nimalize. Kabatini niliona vikombe vinne.

"Karibu chakula, bibi shamba," alisema. Mpaka siku hiyo alikuwa hajawahi kuniita kwa kazi yangu.

Nilikaa. Alileta jagi na beseni, akaviweka sakafuni kando ya mguu wangu, akasimama wima. Nilielewa, nikajimiminia mwenyewe kwa mkono mmoja, nikanawa kama inavyowezekana kunawa kwa mkono mmoja. Kisha akaketi kwenye kiti cha pili, jambo ambalo hakuwahi kufanya nilipokuwa nakula, akaweka mikono yake magotini, na kwa mara ya kwanza niliiona imetulia.

"Nikuulize kitu kimoja. Mlipokuwa mnapanga zile paketi, nani apate ipi. Jina langu uliliona?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nilikuwa na ripoti nzima ya majibu.

"Nililiona," nikasema.

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa na dumuzi kumi katika kikombe na sasa amehesabu mpaka wa mwisho. Akainuka, akafunua sahani. Ulikuwa ugali wa muhogo, mweusi, wa kuazima, na likolo bila karanga.

"Haya," alisema. "Kula."

Nikala, naye akakaa pale pale akanitazama mpaka nikamaliza.